Namna ya Kushinda Ubishi wa Mashairi ya Roki Bila Kuusikiliza Wimbo

Ubishi wa mpira una dakika 90 na marudio ya video. Ubishi wa siasa una siku ya kupiga kura. Ubishi wa mashairi ya roki hauna refa wala kipenga, na mtu pekee anayeweza kuumaliza, yaani mtunzi, ama ni marehemu, ama amegoma kusema, ama amewaambia waandishi watatu mambo matatu tofauti. Ndiyo maana unapendwa na watu wenye muda.

Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kuuingia ubishi huo bila maandalizi na kutoka na heshima zake. Hauhitaji sikio zuri. Hauhitaji hata Kiingereza kingi, kwa kuwa wenye Kiingereza chao, kama tutakavyoona, nao hawakuyasikia maneno. Unahitaji koo lisilochoka na kiti chenye mgongo.

1. Anza na fulana

Nenda Gikomba, nenda Karume, nenda mnada wowote wa mitumba ulio karibu nawe. Chini ya rundo, katikati ya jezi ya shule fulani ya Ohio na fulana ya mbio za hisani, utakuta fulana nyeusi iliyopauka mabegani, kola imelegea, kifuani ina uso wa njano wenye alama za X mahali pa macho na ulimi uliochomoza pembeni. Muuzaji atakwambia ni katuni. Usimsahihishe, bei itapanda.

Hiyo ni Nirvana. Umebakiza sentensi moja tu ya kukariri: "Mimi naipenda zaidi Bleach." Bleach ndiyo albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1989, na kuirekodi kuligharimu dola 606 na senti 17. Taja na zile senti. Nevermind ya 1991 inajulikana na kila mtu, lakini mtu aliyetaja senti haulizwi swali la pili. Watu watadhani ulikuwepo studio, umeshika risiti.

2. Amua mapema kama mtunzi ana akili timamu

Hapa ndipo penye kiini cha kazi yote. Kanuni ni moja, ina pande mbili. Mtunzi akisema unalolisema wewe, yeye ndiye shahidi mkuu na kesi imefungwa. Akisema kinyume, basi msanii hajui alichokitunga, na kazi ikishatoka si yake tena. Pande hizi hazigongani, mradi usizitumie zote mbili ndani ya dakika moja.

Mfano mzuri wa mazoezi ni Every Breath You Take wa The Police, wa mwaka 1983. Dunia nzima imeuchukua kuwa wimbo wa mapenzi. Maharusi wameuchezea, keki zimekatwa ukipigwa. Sting, aliyeutunga, amerudia kusema kwamba anayeimba pale ni mtu mwenye wivu anayemchunga mwenzake kila hatua, na kwamba wimbo una sumu ndani yake. Tena aliutunga Jamaika, katika nyumba iliyokuwa ya Ian Fleming, baba wa James Bond. Ukiwa upande wa Sting, leta hiyo nyumba kama kithibitisho: wimbo ulizaliwa kwa majasusi, utakosaje kuchunguza watu? Ukiwa upande wa maharusi, sema kwamba mamilioni ya watu hawawezi kukosea na mtu mmoja tu akapatia. Jambo moja la adabu: usimweleze bwana harusi siku ile ile. Mpe angalau wiki mbili.

Anayekuambia kwamba kukosea maana ni kwa watu wasiosoma, mkumbushe Rais wa Marekani. Septemba 1984, akiwa kwenye kampeni mjini Hammonton, New Jersey, Ronald Reagan alimsifu Bruce Springsteen, mwana wa jimbo hilo, kwa nyimbo zilizojaa ujumbe wa matumaini. Wakati huo albamu yake ya Born in the U.S.A. ilikuwa inatamba, na wimbo uliobeba jina hilo unamhusu askari aliyerudi kutoka Vietnam akakosa kazi na akakosa wa kumjali. Kiitikio kinapigwa kwa nguvu za bendera, beti zinalia njaa. Rais akasikia kiitikio. Siku chache baadaye, jukwaani Pittsburgh, Springsteen aliwaza kwa sauti ni albamu gani rais anaipenda, akasema hadhani ni Nebraska, kisha akapiga Johnny 99, wimbo wa mfanyakazi wa kiwanda cha magari aliyepoteza kazi na kuishia mikononi mwa hakimu. Mwanafunzi wa mwongozo huu atambue kwamba hata baada ya hapo, kiitikio kimeendelea kuzishinda beti kila mwaka wa uchaguzi.

Na akitokea mtu wa kukuambia kwamba mtunzi daima anajua, maliza na fulana uliyoivaa. Kathleen Hanna, rafiki yake Kurt Cobain wa Nirvana, aliandika ukutani kwa Kurt kwamba Kurt ananukia Teen Spirit. Kurt akaona ni kauli ya mapinduzi, akaipa wimbo uliotikisa dunia. Baadaye ndipo akajua kwamba Teen Spirit ni dawa ya kwapa, iliyokuwa ikitumiwa na msichana aliyekuwa naye. Wimbo wa kizazi kizima ulipata jina kwa mtu kusoma vibaya. Baada ya hapo nani atakulaumu wewe?

3. Jihadhari na mjomba

Hatari kubwa mezani si msomi. Msomi anatumia silaha kama zako. Hatari ni mjomba aliyeusikia wimbo ulipotoka na hataki mafumbo. Mada itakuwa Hotel California wa Eagles, kwa sababu hakuna bendi ya hotelini isiyoupiga ikifika saa nne usiku. Mazungumzo huenda hivi:

"Hiyo hoteli ipo," anasema mjomba. "Nimeiona kwa macho yangu kwenye jalada la santuri."

"Lile jengo la kwenye jalada ni Beverly Hills Hotel, mjomba. Wimbo wenyewe ni fumbo. Don Henley amesema ni safari ya mtu kutoka kutojua mambo hadi kuyajua kupita kiasi."

"Hiyo Beverly Hills, si hoteli?"

"Ni hoteli."

"Iko California au haiko California?"

"Iko, mjomba."

"Sasa wewe unabisha nini?"

Hapo hakuna pa kutokea. Muagizie mjomba soda, badilisha mada. Ukitaka kulipiza kisasi, mtafutie mpinzani wa aina yake: mwaka 2009 mwandishi wa gazeti moja la Cleveland alimweleza Henley kwamba wimbo una kosa la kitaalamu, kwa kuwa divai haimo katika fungu la pombe kali. Henley alijibu kwamba amekunywa vya kutosha kujua vinavyotengenezwa, na kwamba pale hakuwa anazungumzia vinywaji. Mwandishi yule na mjomba wakae meza moja, wewe ukapumzike.

4. Fumbua hata kisichofumbwa

Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Hawakusema mwerevu afanye nini akikuta hakuna kilichofumbwa. Jibu la roki ni kwamba agangue hivyo hivyo.

Mwaka 1967 John Lennon alipata barua ya mwanafunzi wa Quarry Bank, shule aliyosoma mwenyewe Liverpool. Barua ilisema mwalimu anawapa kazi ya kuchambua nyimbo za Beatles. Lennon, ambaye shuleni hapo hakuwahi kuwa fahari ya mwalimu yeyote, akakaa akatunga I Am the Walrus, akipanga maneno yasiyoshikana makusudi ili wachambuzi wavunjike meno. Matokeo yake ni kwamba umechambuliwa kuliko nyimbo nyingi alizozitunga akiwa na la kusema. Mwaka uliofuata akatoa Glass Onion kuwacheka wachambuzi hao. Nao wakauchambua huo pia.

Kinyume chake, mtunzi akikueleza chanzo chepesi, kikatae kwa sababu ni chepesi. Lennon alisema hadi mwisho kwamba Lucy in the Sky with Diamonds ulitokana na mchoro aliouleta nyumbani mwanawe Julian, unaomhusu mwenzake wa shule. Herufi za mwanzo zikasomeka LSD, na tangu hapo mchoro hauna nafasi. Ukiwa upande wa mchoro, una turufu moja nzito kutoka upande wetu wa dunia. Mwaka 1974, huko Hadar, Ethiopia, watafiti walifukua mifupa ya kiumbe aliyeishi miaka zaidi ya milioni 3 iliyopita. Usiku kambini kanda ya Beatles ilikuwa ikipiga wimbo huo huo, wakampa jina la Lucy. Waethiopia wao humwita Dinkinesh. Simama useme: "Mnataka kuniambia bibi yetu sote amepewa jina la dawa za kulevya?" Hoja hiyo haina mantiki hata kidogo, lakini meza itanyamaza.

5. Usipoyasikia maneno, hiyo ni faida

Mwaka 1963 kundi la The Kingsmen lilirekodi Louie Louie. Kipaza sauti kilining'inizwa juu, mwimbaji akalazimika kuinua shingo na kupiga kelele, na kilichotoka hakikueleweka. Kwa kuwa hakikueleweka, kikaeleweka na kila mtu: ni matusi. Wazazi wakaandika barua, na FBI ikaingia kazini. Maofisa wa dola waliisikiliza sahani ile kwa mwendo wa kasi, kwa mwendo wa pole, na kwa mwendo ambao hakuna gramafoni iliyotengenezewa. Hitimisho lao likawa kwamba maneno hayasikiki kwa mwendo wowote ule.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa Richard Berry, ulitoka mwaka 1957, na unamhusu baharia anayemsimulia mhudumu wa baa jinsi anavyomkumbuka mpenzi wake aliyeko Jamaika. Hakuna tusi. Kila msikilizaji alisikia matusi aliyokuja nayo kutoka nyumbani.

Somo ni kwamba usikubali mtu alete mashairi yaliyochapishwa. Labda uwe unatangaza siri ya wimbo unaopigwa kinyumenyume. Hapo karatasi ni lazima. Mwaka 1982 kamati ya Bunge la jimbo la California ilikaa kusikiliza Stairway to Heaven wa Led Zeppelin ukirudishwa kinyume, kutafuta salamu za shetani. Ukitaka kulirudia jaribio hilo nyumbani, zingatia utaratibu: watu wakisikiliza mikono mitupu husikia mkoromo, wagawie kwanza maandishi ya kile wanachotakiwa kukisikia, na wote watakisikia, hadi mtoto wa darasa la pili. Shetani huyo asiyesikika mpaka agawiwe kwa fotokopi ana bahati ya kuwa na mashabiki wavumilivu.

6. Pima jiografia, hasa ikiwa ni ya kwenu

Wimbo wa Africa wa kundi la Toto ulitoka mwaka 1982, na Februari 1983 ukashika namba moja Marekani. Ndani yake Kilimanjaro unachomoza juu ya Serengeti kama makao ya miungu ya Wagiriki. Mtunzi wake mkuu, David Paich, alikuwa hajawahi kukanyaga Afrika.

Ukikaa na mtu wa Moshi, huna haja ya kusema kitu. Mwache afanye kazi. Ataeleza kwamba kutoka Kibo hadi mbuga za Serengeti ni zaidi ya kilomita 200, kwamba katikati kuna Meru, kuna Bonde la Ufa, kuna Ngorongoro, na kwamba Kilimanjaro wenyewe una kazi ya kutosha kuonekana ukiwa Moshi mjini asubuhi yenye mawingu. Atatamani Toto wapandishwe basi wakaone. Kisha wimbo utapigwa na yeye ndiye atakayeimba kiitikio kwa nguvu kuliko wote, mkono kifuani.

Wewe jiwekee majibu mawili. Mtu akiukosoa wimbo, sema ushairi si ramani. Mtu akiusifu, muulize mtunzi alifika lini. Na ukichoka kabisa, kumbuka kwamba mwaka 2019 msanii Max Siedentopf aliweka vipaza sauti vinavyotumia umeme wa jua katika jangwa la Namib, Namibia, vikiupiga wimbo huo mfululizo. Huenda hapo ndipo mahali pekee unapopigwa bila mtu wa kuubishia.

7. Dai undugu

Hoja zikikuishia, mgeuze mwimbaji kuwa jamaa yako. Kwa Freddie Mercury ni rahisi, kwa kuwa ni kweli. Alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, tarehe 5 Septemba 1946, akiitwa Farrokh Bulsara, mtoto wa familia ya Kiparsi. Alisoma India, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Tangu mwaka 2019 Shangani pana jumba la makumbusho lenye jina lake.

Sasa chukua Bohemian Rhapsody wa mwaka 1975, dakika zake karibu sita, kijana aliyeua, Galileo na Bismillahi humo humo. Freddie alikataa kuueleza hadi anakufa mwaka 1991. Alitaka kila msikilizaji aamue mwenyewe. Wako wanaosema ni maisha yake aliyoyaficha. Wako wanaosema ni kisa cha Faust aliyeuza roho, na wako wanaomleta Albert Camus. Mtu wa Unguja akiamua kwamba ni wimbo wa kijana aliyeondoka nyumbani bila kurudi, atakuwa na ushahidi ule ule alionao profesa wa Faust, na nauli ya daladala ya kwenda kuiona nyumba yenyewe. Profesa hana daladala.

8. Jua bei ya fumbo

Hapa mpenzi wa taarab yuko mbele ya kila mhadhiri wa roki. Anajua kwamba kijembe hakitajiwi mwenyewe. Mwenyewe hujulikana ukumbini kwa anavyonuna, au kwa anavyoinuka na noti kwenda kumtunza mwimbaji ili aonekane hakimuumi. Carly Simon alitoa You're So Vain mwaka 1972, mpasho kwa mwanamume anayejipenda kiasi cha kudhani wimbo unamhusu yeye, akakataa kumtaja. Mwaka 2003 siri hiyo ilipigwa mnada wa hisani, na bwana mmoja wa televisheni, Dick Ebersol, akalipa dola 50,000 aambiwe jina kwa sharti la kutomwambia mtu. Mwaka 2015 Simon akakiri kwamba ubeti mmoja unamhusu mwigizaji Warren Beatty, akaongeza kwamba Beatty mwenyewe anadhani ni wimbo mzima. Mshenga wa Tanga asingepanga vizuri zaidi.

Don McLean naye ameulizwa maana ya American Pie tangu 1971. Jibu lake maarufu ni la utani: maana yake ni kwamba hatalazimika kufanya kazi tena. Mwaka 2015 karatasi alizoandikia mashairi hayo ziliuzwa kwa dola milioni 1.2. Kwa hiyo mtu akikubana mezani useme wimbo unahusu nini, tabasamu tu. Ukieleza, umeshusha bei.

9. Tunza silaha ya mwisho

Silaha yenyewe ni sentensi hii: "Kila mtu na anavyousikia." Itumie unaposhindwa tu. Akiitumia mpinzani, ikatae kwa ukali, useme kwamba kwa mwendo huo hata wimbo wa maziko utaambiwa ni wa kuuza nyanya.

Lakini kabla hujaitumia, jua pale ilipowahi kufikishwa mbele ya wenye suti. Septemba 1985 Seneti ya Marekani ilikaa kujadili maneno ya nyimbo. Wakafika Frank Zappa, John Denver na Dee Snider wa Twisted Sister, nywele hadi mgongoni, jinzi haina mikono. Denver alieleza kwamba wimbo wake wa milima, Rocky Mountain High, ulifungiwa na baadhi ya redio zilizodhani ni wa bangi. Snider alizungumzia Under the Blade, ambao Tipper Gore, mke wa seneta, aliuona kuwa wa mateso ya kimapenzi. Snider akasema ni wimbo wa hofu ya upasuaji, kwa kuwa mpiga gitaa wao alikuwa akienda kufanyiwa upasuaji wa koo. Akawaambia waheshimiwa kwamba anayetafuta kamba na mateso atayapata humo, na anayetafuta upasuaji ataupata pia.

Katika kikao kile, chenye maseneta, kamera na wanasheria, mtu aliyevaa jinzi iliyochanika ndiye aliyesema jambo la maana kuliko wote. Halafu kikao kikaisha, na kampuni za muziki zikakubali kubandika onyo kwenye majalada. Hapo ujue uzito wa hoja nzuri katika ubishi huu.

10. Wimbo usipigwe

Hili limewekwa mwisho kwa sababu ndilo linalovunjwa zaidi. Ubishi ukinoga, lazima atokee mjinga mmoja mwenye spika ya bluetooth. Wimbo ukianza, hoja zote hapo juu zimekwisha: msomi ataimba, mjomba ataimba, mtu wa Moshi tayari unamjua, na mtagundua kwamba watu watano wanaimba maneno matano tofauti na hakuna anayeona shida.

Vumilia mpaka gitaa la mwisho la Hotel California, lile la dakika karibu mbili. Pale hakuna neno hata moja, hakuna fumbo, hakuna mtunzi wa kusingiziwa. Ni hatari kubwa, kwani watu wanaweza kukubaliana. Usiruhusu. Mwinamie jirani yako na umuulize kwa upole: "Kwa maoni yako, hapa mpiga gitaa aliyeua ni Felder au Joe Walsh?"